Mizani

Zamu ya usiku, Kibos. Trekta ya mwisho imepimwa,
harufu ya molasi imeingia mpaka kwenye chai.
Katika daftari la hesabu, lile la miraba,
nachora vyumba vinane, naweka sifuri, naweka moja,
nahesabu kwa kugonga meza na kidole
kama tulivyogonga madawati kidato cha pili:
nane huku, nane kule,
na mshororo uliopungua Mwalimu Mmbone aliurudisha
bila neno,
kwa kukohoa tu.

“Kwani hakuna za dukani?” Awino aliniuliza,
yeye aliyesomea mambo haya na kulipiwa karo.
Zipo. Na mkate nimenunua miaka ishirini
bila kujua hamira hufanya nini gizani.

Faili langu linaanza kwa hodi.
Nasema kweli: H, O, D, I, baiti nne.
Asiyezikuta mlangoni asifungue.
Kisha toleo: moja.
Kisha urefu wa jina, kisha jina,
kisha kilo, baiti mbili, kubwa ikitangulia
kama tutajavyo elfu kabla ya mia.
Hakuna koma. Hakuna nafasi wala mstari mpya.
Kila kitu kimekaa mahali pake
kwa kuwa aliyemtangulia hakudanganya kuhusu urefu wake.

Siku tatu lilinitii.
Nafuna aliingia akatoka Nafuna,
Cherotich na kilo zake, Owiti na zake.
Nikaanza kutembea kama mtu mwenye ufunguo mfukoni.

Usiku wa nne, Ong’wen wa Miwani,
trekta ya kukodi, kilo elfu nne mia tatu.
Nikaandika. Nikasoma.
Kompyuta ikanijibu: Ong’w.
Kilo: elfu ishirini na tano, mia tisa sitini na sita.

Mlima wa miwa ambao hakuna shamba lililouotesha.

Saa nane za usiku nilizichambua baiti
moja moja, kama mchele wenye mawe.
Herufi nilizihesabu sawa: saba.
Saba ndiyo niliyoandika.
Lakini kile kialama cha juu,
kilichopindwa na simu niliyonakilia jina,
peke yake kilikuwa kimekalia viti vitatu.
Saba zikaishia kwenye w,
na e na n, zilizobaki nje,
zikasukumwa chumba cha kilo
zikapimwa kama miwa.

Ng’.
Sauti moja ya puani, tuliyojifunza
kwa ng’ombe wa kitabu cha kwanza.
Jicho linaona alama tatu.
Faili linaona baiti tano.
Mwalimu Mmbone haihesabu hata moja
mpaka ipate irabu ya kuegemea.
Na wote wako sahihi.
Ni mimi niliyeshika mizani
nikasahau kuuliza tunapima nini.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja.
Hesabu baiti, usihesabu herufi.
Kwenye toleo nikafuta moja, nikaandika mbili,
nikaona haya kidogo,
kisha nikaona fahari, ndogo pia.

Kulipokucha alikuja kuchukua risiti.
Risiti ilitoka kwenye mashine ya kampuni,
sahihi tangu mwanzo; kazi yangu
haijawahi kumlipa mtu wala kumpunja.
Nilitaka kumwambia usiku kucha nilikuwa na jina lake.
Nikamwambia, “Mvua itawahi mwaka huu.”
Akasema labda.

Langoni mlinzi alimwandika Ongwen,
kalamu ya bluu, bila kialama,
na geti likafunguka vilevile.
Lakini ndani ya faili lisilosomwa na yeyote
baada ya hodi, baada ya mbili,
ametimia Ong’wen,
baiti tisa,
na miwa yake nyuma yake.