Dola Nane kwa Saa

Saa kumi kamili nagonga lango la buluu, Muhumba.
Zihindula, mlinzi, ananifungulia akicheka:
"Mwalimu, leo utabafundisha nini tena?
Bazungu bako na akili, lakini kinywa iko nzito."
Namjibu kwa Kiswahili chetu, chenye tope la Kadutu,
halafu nafuta viatu kwenye gunia,
nafuta na ulimi,
naingia.

Mezani kuna chai, daftari mbili, na kitabu
kilichochapishwa mbali, chenye mnazi jaladani.
Bukavu hatuna mnazi.
Mwaka wa sita huu nafundisha neno "nazi",
na siku Anneli aliposoma kwamba mbuzi hukuna nazi
akauliza, anakuna kwa pembe au kwa meno?
Nilijibu kwa uhakika wa mwalimu,
yaani nilikisia.

Joost wa magari anataka amri:
fungua, funga, leta funguo, ngoja hapa.
Anneli ni muuguzi, anataka maswali:
unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini.
Nikamwonya: swali utalimudu kwa wiki moja.
Jibu huja limelowa, halina nafasi kati ya maneno.

Kisha ubao.
*Mtoto, watoto.* Si batoto.
*Mtu, watu.* Si batu.
Chaki inalia, na nyuma ya chaki
namsikia mama akiita kutoka kilimani Cimpunda,
sufuria mkononi, kilemba kimelegea:
"Batoto, mukuye! Bugali bunapoa!"
Kila jioni namsahihisha mama yangu,
naye hajui,
kwa dola nane kwa saa.

Noti lazima niikague kabla ya kuondoka.
Ikichanika kona, hata kidogo kama ukucha,
sokoni hakuna atakayeigusa.
Basi nateremka na noti iliyonyooka
hadi kwa Mama Ntakwinja wa sambaza,
na siku ile nilisahau kuurudisha ulimi wangu.
"Samahani, dagaa hawa wanauzwaje?"
Soko zima likageuka.
"Weye! Ulitokea Dar siku gani?"
Walicheka mpaka mizani ikatikisika.
Noti yangu safi ilipita.
Maneno yangu safi walinirudishia.

Sikukasirika. Nilipanda ngazi za udongo
nikihesabu ni sauti ngapi nimezikata
ili lugha yangu iwe na kona nne kamili.

Ijumaa moja umeme ulikatika. Joost hakuja.
Anneli alifika amechelewa, hakuvua koti.
Daftari hakufungua.
Akasema polepole, kama mtu anayevuka daraja la mbao:
"Usiku mama mmoja alinishika mkono.
Akasema, *Mutoto wangu eko baridi.*
Kitabu hakina 'eko'.
Mimi nilielewa."

Nilikuwa na sentensi tayari kinywani,
miaka sita imejipanga pale, haihitaji kuitwa:
tunasema yuko, tunasema ana baridi, tunasema
Nikaimeza.
Mshumaa ulikuwa unadondokea jalada,
na nta ilikuwa imeufikia mnazi.
"Na weye," nikauliza, "ulimujibu nini?"
Hakujibu kitu, akasema. Alikaa tu naye
mpaka mkono ukamwachia wenyewe, alfajiri.

Hilo halimo katika mtaala wangu.
Sikumtoza saa ile, ingawa nyumbani
unga ulikuwa umebaki wa siku moja,
na mama aliniuliza, nami nikasema
mzungu alikuwa mgonjwa.

Jumatatu tuliendelea na ngeli ya M- na MI-.
Niliandika: mto, mlima, mkono.
Joost akasoma vizuri sana, kama redio.
Anneli akasoma mto, akasoma mlima,
akasita, akasoma *mukono*.

Kalamu nyekundu ilikuwa pale mezani,
kando ya dola nane.
Zihindula alikuwa nje, anamwagilia maua,
anaimba kitu kwa Mashi.