Dau la Kinyozi

Ligi zilipoisha, Mei, mvua ikizibua mitaro ya Kariobangi,
tukabaki hatuna mpira wa kubashiri.
Ndipo Muthiani, mwalimu wa kwaya ya parokia,
aliyekuja kunyolewa denge la kiasi, lisilomkera padri,
akachomoa simu chini ya kitambaa:
"Tazama, siku hizi dau linawekwa hata kwa nyimbo."

Nyimbo! Mataifa thelathini na ushei
yanaimbiana ukumbini, huko kwenye baridi,
nasi huku, mashine ikinguruma utosini mwa watu,
ghafla tukajua majina ya miji mikuu
ambayo viboko vya shule vilishindwa kutufunza.

Muthiani alikagua sauti kama anunuaye shati Gikomba,
akivuta mshono:
"Huyu anapasuka akifika juu.
Huyu ana moto jukwaani, kooni hana.
Yule pale, mara mbili tu, lakini ni hela ya bure."
Barasa wa kuchomelea vyuma akasema wimbo ni kama geti,
hujui uzuri wake mpaka siku ya mwizi.
Hatukumwelewa. Alicheka peke yake.

Mimi nilimchagua msichana wa kisiwa
nisichoweza kukionyesha kwenye ramani.
Alisimama bila moshi, bila wachezaji,
viatu mkononi,
akaimba kwa lugha inayokwaruza kama brashi kavu shingoni.
Mara arobaini na moja, walimkadiria.
Yaani: msahauni.
Kemunto wa mayai ya kuchemsha alichungulia mlangoni,
kisu cha kachumbari kikiwa hewani, akasikiliza hadi mwisho.
"Huyo haombi kura," akasema. "Huyo anamwita mtu."
Basi. Nikatuma elfu sita.
Kodi ya Juni.

Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga,
nao hawakuwahi kuliona likiondoka
kwa kidole gumba, sekunde tatu, na ujumbe wa asante.

Saa nne usiku tukashusha mlango nusu.
Zamu yake ilipofika nilizima mashine,
ingawa kitini palikuwa na kichwa kilichonyolewa upande mmoja,
na mwenye kichwa hakulalamika.

Kisha kura.
Nchi moja ikampa jirani yake kumi na mbili.
Jirani akarudisha fadhila.
Wa kaskazini kwa wa kaskazini, shemeji kwa shemeji,
na Barasa akajipiga paja: "Kumbe hata wazungu hupiga kura kwa ukoo!"
Tukacheka hadi machozi; mimi nilikuwa nayo ya ziada.
Kisiwa changu kikapata tatu. Baadaye moja.
Halafu kimya, kama kanisa likitangaziwa sadaka ya pili.

Saa nane kasoro, mkeka ulikuwa umechanika.
Hata yule wa hela ya bure alianguka.
Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji,
lakini mimi ndiye kinyozi, na changu kilishang'aa zamani.
Muthiani akavuta kofia juu ya denge lake jipya
akaondoka bila kuaga. Jumapili ile, nasikia,
hakuna sauti ya pili iliyomridhisha.

Ila kuna jambo kampuni haikulitia bei.
Jumatatu, fundi wa mabomba alipita akiupiga mluzi.
Jumanne, mtoto wa jirani, anayelia akiona mashine tu,
alitulia nilipomwimbia ule wimbo puani,
maneno nikiyabuni: chumvi, paka, dirisha, njoo.
Sijui kama *njoo* ilikuwamo.
Nadhani ilikuwamo.

Tarehe tano Mama Wairuri akabisha, daftari kwapani,
akanikuta nafagia nywele, naimba.
Akasimama kizingitini. Akainamisha kichwa kidogo.
"Wimbo gani huo?"
"Wa elfu sita."
Akaniangalia, akaangalia droo iliyo wazi, tupu,
akaketi kwenye kiti cha wateja.
"Hebu rudia pale katikati," akasema,
huku analamba kidole, anatafuta ukurasa wangu.