Saa Nane Usiku, Azua

Papai hili jua limelipendelea upande mmoja.
Upande wa pili ulinuna, kijani, mgumu,
kama jirani yetu Fausto akidaiwa.
Siku nne nimeligeuzageuza dirishani.
Leo kidole kinazama.

Mama hana meno tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.
Kayang'oa yote kwa mpigo mmoja:
moja moja, alisema, ni kama kulipa deni la duka.
Daktari Lantigua kaagiza vitu laini, wiki mbili.
Supu ya boga kaichukia siku ya tatu.
Siku ya tano akaandika nyuma ya risiti
(hasemi, anaona haya, mashavu yamebonyea):
PAPAI. PASHENI. BARAFU NYINGI.
Neno la mwisho kalipigia mstari.

Haya.
Nalipasua. Mbegu zinang'aa kama mayai ya chura,
nazikomba kwa kijiko, kuku wa uani wanazigombea.
Pasheni mbili, zimekunjamana mno.
Usidanganywe na ngozi, namwambia, ndani ndiko kwenye mambo.
Anacheka kwa pua.
Pasheni zikae pembeni kwanza, katika kikombe;
zikilala na maziwa zitagombana nayo.
Maziwa ya kopo, nusu. Nusu ni ya kahawa yake ya asubuhi.
Vanila, kifuniko kimoja.
Chumvi, chembe zinazokaa kati ya vidole viwili.
Sukari: natia, namtazama,
ananitazama,
naongeza.
Barafu nimekopa kwa Fausto,
imekuja ndani ya mfuko wa mkate, ina makombo, nimeisuuza.

Blenda ni zawadi ya harusi ya dada yangu Yokasta.
Ndoa ilikufa, blenda ipo.
Ina vitufe saba, kinachotii ni cha tatu,
nacho hukibana kwa kijiti cha kuchokolea meno,
ambacho humu ndani kwa sasa hakina kazi nyingine.
Kifuniko kilipotea. Kifuniko ni kiganja changu.

Nikabonyeza.
Mngurumo, nusu mzunguko,
kisha mtaa mzima kwa pamoja: aaah!
Umeme umekwenda.

Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini mwenye methali hakusema mbivu ya kunywa,
wala hakusema mvumilivu anasubiri umeme.
Saa moja. Saa mbili.
Barafu inakonda ndani ya jagi, inageuka maji,
vipande vya papai vinaelea kama sabuni iliyosahaulika.
Nilishika uma, nikaanza kuponda.
Mama akanishika mkono.
Akachora kwa kidole mstari juu ya mdomo wake, sharubu.
Povu! Anataka povu.
Bila povu ni chakula cha mtoto, na yeye si mtoto,
nami sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona mkaidi hivi,
mwenye afya hivi.

Nikafunika jagi kwa sahani, nikalala na nguo zangu.

Saa nane usiku taa ikanipiga usoni.
Feni ikakohoa. Redio ya mtu ikaendelea katikati ya neno.
Halafu nikasikia kwa Fausto: grrrr.
Halafu kwa kina Peguero, ng'ambo: grrrr.
Kumbe sote tulikwama na matunda ndani ya jagi,
mtaa mzima ukasaga gizani, mbwa wakafoka,
nami nikakimbia pekupeku jikoni
na mama alikuwa ameshaketi,
glasi mbele yake, kitambaa kifuani.

Nikamwaga pasheni. Nikabana kijiti. Nikaweka kiganja.
Kikanitekenya mpaka kiwiko.

Barafu haikuwepo tena.
Kilikuwa vuguvugu, cha rangi ya ukuta wa kanisa letu kabla halijapakwa upya,
na povu la vidole viwili.
Alikunywa bila kupumzika, koo likipanda na kushuka.
Akashusha glasi. Sharubu ilikuwapo.
Akafungua mdomo wake mtupu
na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile akasema:

"Sukari imezidi."

Akasogeza glasi mbele, nimwongeze.