Chumvi ya Ngozi

Nyuma ya Barabara ya Viwanda, bohari yenye milango miwili,
mmoja wa lori, mmoja wangu,
naanza na unga.
Watu kumi na wanne, siku ishirini na moja,
robo tatu ya kilo kila kichwa:
kilo mia mbili na ishirini, na nusu
ambayo panya wataimaliza kabla ya Emali.

Kisha maharagwe, sukari guru, sabuni ya mche,
tumbaku ya Kithome, asiyechuna bila kutafuna.
Karabai nne na vioo vya akiba.
Madebe ya petroli, kila moja limegongwa na kusikilizwa.
Friji ya mafuta ya taa imefungwa mikanda kama mgonjwa,
maana mgeni hanywi bia iliyoona jua.

Mgeni siku mbili, walisema, ya tatu mpe jembe.
Huyu ni wa siku ishirini na moja
na ya tatu tunampa bunduki.

Bwana Drechsler ana kiwanda cha vifungo huko kwao.
Barua yake ya sita iliuliza kama hemani mna zulia.
Nikajibu: limo.
Ndipo nikamtuma Wesonga kwa Velji, Mtaa wa Biashara,
akalitafute.

Vibali vimefika, vina mihuri:
nyati mmoja, pofu mmoja, tandala mdogo mmoja, tembo mmoja.
Pofu yuko huko kitaluni anatafuna,
hajui kwamba ameshalipiwa
na risiti yake nimeitoboa, nimeipanga kwenye faili.

Chumvi naipima mwisho,
ingawa lorini hukaa chini ya vyote.
Magunia kumi, chumvi ya mawe, si ile ya mezani.
Hapo hushusha sauti, sijui kwa nini.
Ngozi ninayoipimia asubuhi hii
inatembea. Inakwaruzwa na miiba.
Inafukuza nzi.
Masikio ya tembo, nimeandika, gunia moja na nusu,
na tembo mwenyewe sijapata kumwona.
Mimi mtu wa Kaloleni; mnyama wangu mkubwa
ni ng'ombe wa Dagoretti, naye nilimkuta ananing'inia.

Galgalo, msoma nyayo wetu, alikuja kuulizia viatu, namba tisa.
Akatazama mzani.
"Na asipopatikana?"
"Chumvi haiozi," nikamwambia.
Akasema babu yake alitoka na upinde na unga wa kujaza kofia;
sisi hatuendi kuwinda, tunahamisha mtaa.
Viatu namba tisa havikuwapo. Akachukua kumi, na soksi mbili.

Alhamisi jioni lori limeshageuzwa, pua langoni,
redio ya fundi ikasema: marufuku.
Nchi nzima. Kila kibali, kila kitalu.
Kithome akatema tumbaku.
Wesonga akauliza habari ya nyama ya kopo, ni ya nani sasa.
Hakuna aliyemjibu, akaanza kuishusha.

Kupakua ni kuhesabu kinyumenyume.
Mahema, vitanda vya kukunja, madebe,
mpaka saa tano za usiku, kwa karabai moja ya safari.
Daftari langu lina safu mbili, Vilivyotoka na Vilivyorudi.
Wanyama sikujua niwaweke wapi.
Wino ukakauka kalamu ikiwa hewani.

Zulia lilikuja kwangu badala ya mshahara wa Juni;
watoto hulala juu yake wakati wa joto.
Galgalo hakurudisha viatu, wala sikumdai.

Magunia kumi yalibaki pembeni.
Mchuna ngozi wa Kariokor alikuja, akataja bei ya matusi, akaenda.
Vuli ilipoingia, chumvi ikavuta maji,
magunia yakatoa jasho,
na doa likatambaa sakafuni hadi kwenye mlango wangu,
ule mdogo.
Nikamwaga majivu, nikapiga deki.
Asubuhi palikuwa pamelowa tena.