Kumbukumbu za Kikao cha Ufadhili, Longton

Tumekaa saba, ghorofani, juu ya duka la mazulia.
Hita moja, biskuti za tangawizi,
na mvua ya Machi inagonga paa kama mdai.
Mimi ndiye mhazini, Hedley Bloor.
Kazi yangu ni kusema hapana kwa sauti ya pole.

Fedha iliyopo: pauni mia tisa arobaini na tatu,
pamoja na sarafu za kwenye birika lililovunjika mdomo.
Nusu imetokana na vikombe vya kasoro tulivyouza Desemba,
vile vyenye masikio yaliyolegea.
Nusu aliiacha Winifred Colclough,
aliyechora mawaridi kwenye sahani miaka thelathini na minane
hadi kiwanda kilipofungwa, Alhamisi, saa nne asubuhi,
chai yake ikiwa bado ya moto.
Aliagiza: mpeni mtu ambaye mikono yake haitulii.
Hakusema mwenye kipaji. Hakusema mwenye shahada.

Maombi kumi na moja.
Mmoja ameandika kurasa tisa juu ya falsafa ya utupu wa bakuli;
Maud amezisoma mpaka akasinzia.
Mwingine ametuma picha zinazong'aa, ungetamani kuzila.
Mjukuu wa Prudence ameomba pia, kwa hiyo Prudence ametoka,
kasimama kwenye ngazi na koti lake, kama kanuni inavyotaka,
ila mlango hakuufunga sawasawa.

Ombi la saba halikuwa na picha.
Lilikuja ndani ya sanduku la viatu:
vigae, vimefungwa kwa gazeti la wiki iliyopita,
na karatasi moja.

*Naitwa Sumbal Akhtar. Nasafisha ofisi usiku, Hanley.
Hili lilikuwa jagi. Limepasuka tanurini mara nne.
Mara ya kwanza nilijua kosa. Ya pili nilijua. Ya tatu nilikisia.
Ya nne sijui, na ndiyo sababu naandika.*

Kimya.
Denzil, asiyekubali kitu kabla ya kukinusa,
akachukua kigae, akakigonga kwa ukucha,
akakilamba ukingo (ndiyo, akakilamba)
akasema: "Unyevu. Kitako kinene, hakukisubiri.
Huyu hana pa kukaushia. Anakausha jikoni, watu wakipika."

Niliomba mimi, mwaka wa themanini na sita. Nikakosa.
Barua ilisema ushindani ulikuwa mkubwa.
Niliikunja, nikaisukuma chini ya gurudumu langu lililoyumba;
likatulia. Faida yangu ikawa hiyo.
Miaka yote nimesimulia kwamba walionikataa
walinifunza ustahimilivu.
Leo, gae mkononi, naona nilikuwa nadanganya.
Walinichelewesha, basi.
Udongo uwahi ungali maji:
ukishapita motoni, hata ukiulilia haulainiki.

Mfinyanzi hulia gae, husemwa,
na sote humu tumelia gae,
tukafika mahali pa kuliona heshima.

Tukapiga kura. Nne kwa mbili.
Prudence akaitwa arudi. Akauliza, nani?
Tukamwambia.
Akalitazama sanduku la viatu kitambo,
akavua koti lililolowa bega moja,
akasema chumba chake cha nyuma ni kikavu,
hakina mtu tangu Cyril.

Basi iandikwe:
pauni mia tisa; udongo wa mwaka mzima;
tanuri kila Jumanne; ufunguo wa kwa Prudence.
Zinabaki arobaini na tatu.
Nimependekeza zinunue stempu.
Barua kumi za kukataa nitaziandika mwenyewe, kwa kalamu,
kila moja na kosa lake, kila moja na kitako chake,
na tarehe ya kurudi.

Denzil aliuliza vigae tuvipeleke wapi.
Hakuna aliyejibu. Vimebaki mezani,
na katika kile kipana kuliko vyote
mtu mmoja wetu, sikumwona nani,
ameweka biskuti.