Mpeta

Barua imekuja na boti ya Jumanne,
bahasha ya kaki, muhuri wa Vikokotoni:
magongo kumi na moja mapya, pedi za kipa,
na milioni moja na nusu, taslimu.
Wao wanataka mtu.
Ama Shaame, beki wetu, miaka thelathini na saba,
ama vijana wawili, Ngwali na Khatibu.
"Hawa hawatawapunguzia kitu," wameandika.

Hawatawapunguzia kitu!
Aliyeandika hivyo hajapata kushika daftari la klabu.

Daftari ninalo mimi, katibu.
Msimu huu: mechi tisa, sare moja,
magoli thelathini na nne yaliyoingia kwetu,
na wavu wenyewe ni wa dagaa, tumeazima Mtambwe.
Tunajenga timu upya, ndivyo tunavyosema kila tukifungwa.
Nyumba gani hii,
mwaka wa tatu haijafika lenta?

Jana kikao, barazani kwa Bi Mwanakombo, mweka hazina.
Tulichambua karafuu huku tukibishana,
makonyo huku, karafuu kule.
Mbarouk akasema: Muuzeni mkongwe.
Goti la Shaame linalia kuliko mlango wa skuli;
mwakani hata bure hawatamtaka.
Bi Mwanakombo hakuinua macho:
Na hao watoto nani atawaonyesha pa kusimama
ikija kona fupi? Wewe, na tumbo lako?

Mimi nilikuwa natazama kikonyo mkononi.
Karafuu huuzwa ingali imefumba.
Ikishatoa ua, Shirika hawaitaki;
ikishakuwa mpeta, nono, rangi ya zambarau,
haina bei kabisa.
Kwa hesabu ya mkarafuu, basi, wauzwe watoto,
sasa, kabla hawajafunguka.
Nikataka kulisema hilo. Nikalimeza.
Maana mpeta nao tunajua unakwenda wapi:
haukai jamvini, unafukiwa kitaluni,
na hakuna shamba Pemba lililoota
kwa karafuu kavu.

Halafu, watu si karafuu.
Nimewaona waliotangulia Unguja.
Mmoja alikaa benchi misimu miwili,
sasa anauza vocha Darajani,
na akija Idi anacheka kama mgeni,
anauliza choo kiko wapi nyumbani kwao.

Tukavunja kikao.
Karafuu pishi sita. Uamuzi hakuna.

Leo alasiri nikaenda uwanjani Utaani,
barua mfukoni, nikidhani nitakuwa wa kwanza.
Shaame alishafika. Amekaa kwenye jiwe la kona,
msumeno wa fundi Hamadi mkononi,
na gongo lake, lile lile la miaka yote,
lenye uzi wa mshipi kwenye ufa,
analikata upande wa mshiko.
Inchi mbili na nusu.
Unga wa mbao unamwagikia bandeji ya goti.
Ngwali kasimama pembeni, mikono nyuma,
kama anayengoja zamu ya kunyolewa.

"Alilonalo fupi, hili refu," Shaame kaniambia.
"Mtoto anacheza kapinda mgongo, nyinyi hamuoni?"

Sikumuuliza kama amesikia.
Wete neno halilali ndani.
Nikamuuliza: Na wewe utachezea nini?

Akapuliza unga, akapitisha kidole kwenye mkato,
akatafuta kibanzi, akakitoa.
"Vikokotoni hawakosi gongo."

Akampa mtoto. Mtoto akalipima,
akapiga mpira mmoja, ukaenda ulikoagizwa,
akakimbia kuufuata, akaacha pengo
ambalo hata mbuzi angelipita.
Shaame kashainuka, goti na kelele zake:
"Rudi! Rudi nyuma! Nimekwambia mara ngapi,
mpira una miguu yake, wewe linda nyumba!"

Jua linashuka nyuma ya skuli.
Barua ingali mfukoni, imeloa jasho,
na wino wa muhuri umeanza kutoka
kwenye kitambaa cha shati langu.