Sura ya Kumi na Mbili

Nilikinunua kwa halali, mia nane na hamsini,
ujumbe ukalia, nikausikiliza mara mbili:
Sasa kitabu ni chako.
Chako. Nililala na neno hilo sikioni
hapa Jericho, mvua ikicharaza mabati,
na msomaji, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kunywa tangawizi,
akanisomea sura kumi na moja kwa siku nne.

Kisha simu ikatumbukia ndooni.

Fundi wa Luthuli aliifungua, akainusa:
Hii imeshaenda, mama.
Nikanunua nyingine. Namba ileile, jina lilelile,
kidole kilekile.
Kitabu kikanikana.
Thibitisha kwamba wewe ni wewe, kikasema,
andika herufi unazoziona pichani.

Nilicheka mpaka Kerubo akatoka jikoni.
Kitabu cha wasioona, na bawabu wake
anauliza: unaona nini?
Kerubo akaniazima macho.
Hii ni g ama tisa? Mbona zimejinyonganyonga kama funza?
Mara ya tatu tukafungiwa sote,
mwenye macho na asiye nayo.

Simlaumu aliyetia kufuli. Mwandishi naye hulipa kodi,
na wezi wapo.
Ila mwizi alikwishakinakili siku ya kwanza, akaenda zake.
Kufuli limebaki na nani?
Limebaki nami, niliyelipa.

Shuleni tulikuwa na hadithi moja ya nukta,
juzuu sita, nzito kama matofali.
Iliponifikia, ukurasa wa arobaini ulikuwa laini,
vidole vya walionitangulia vimezila nukta,
ndipo ukajua: utamu uko hapa.
Obura aliniachia mimi, mimi nikamwachia Syombua.
Hatukuulizwa sisi ni nani.

Jana Obura kapiga simu: Ukimaliza, niazime.
Hakiazimiki hiki, nikamwambia.
Tena sijamaliza.
Akanyamaza kidogo. Basi nihadithie ulipofika.

Nilipofika, mjane ameshika komeo.
Nje kuna mtu anabisha hodi,
na mjane amemtambua kwa kikohozi.
Amfungulie, asimfungulie?
Sura ikaishia hapo.

Amesimama pale tangu Machi.
Mkono wake, nadhani, umeshakufa ganzi.
Nami huku nje nakohoa,
nakohoa tena,
labda atanitambua.